Jana Usiku Meno Yako Yalilala Wapi?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya watu wanaovaa meno bandia, walezi wao na wahudumu wa afya. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wangu, kina mama na kina baba, wauguzi, mafundi wa meno, nanyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu: asanteni kwa kuja.

Naanza na swali, na jibu lake libaki moyoni mwako, sitamnyooshea mtu kidole. Jana usiku meno yako yalilala wapi? Kwenye kopo, au mdomoni?

La pili: ni lini mara ya mwisho ulitoa bamba lako la juu la meno bandia, ukasimama mbele ya kioo, ukamulika tochi na kulitazama kaakaa lako? Naona watu wanatazamana. Ndiyo maana tupo hapa.

Kuna bibi mmoja. Simpi jina, kwa sababu hakuna kliniki ya meno isiyomjua. Amevaa bamba la juu miaka kumi na miwili. Anakula nalo, anacheka nalo, analala nalo. Siku moja jino moja la bandia linabanduka, anakwenda litengenezwe. Daktari anamwomba atoe bamba, anamulika. Kaakaa lote jekundu! Na wekundu wenyewe unakoma pale pale bamba linapokomea, kana kwamba mtu ameuzungushia kalamu. Bibi anashangaa: "Mbona siumwi?"

Hilo ndilo la kwanza nataka mlishike. Ugonjwa huu, ambao madaktari wanauita stomatitisi ya meno bandia, kwa wengi hauumi. Wachache husikia kuwashwa au kuungua, wengine ladha mbaya na harufu. Wengi hawasikii chochote. Anayesubiri maumivu ndipo aende kwa daktari huenda akasubiri miaka.

Mwaka 1962 daktari wa meno aitwaye Newton aliugawa katika hatua tatu, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Ya kwanza ni vidoa vyekundu vidogo kama vya ncha ya sindano, hapa na pale. Ya pili ni wekundu ulioenea sehemu yote inayofunikwa na bamba. Huyo ndiye bibi yetu. Ya tatu, katikati ya kaakaa kunaota vinundu vidogo vidogo, ukipitisha ulimi unasikia mkwaruzo. Ya kwanza na ya pili hurudi nyuma kabisa zikitunzwa. Ya tatu wekundu wake hupungua, lakini vinundu vikishakomaa havirudi ndani vyenyewe. Vikubwa huondolewa na daktari kwa kisu au kwa leza, kisha ndipo bamba jipya lipimwe.

Tazameni na pembe za mdomo. Zikiwa nyekundu, zimechanika, zinauma ukipiga mwayo, mara nyingi ni ugonjwa ule ule umetoka nje. Kupaka mafuta ya midomo peke yake hapo ni kazi bure.

Sasa kwa nini juu, na kwa nini chini ni nadra? Bamba la juu limefunika kaakaa zima na kulikumbatia, hewa haipiti, mate hayapiti. Bamba la chini ni jembamba kama kiatu cha farasi, linachezacheza, na mate yanaingia na kutoka. Na mate, ndugu zangu, ndiyo askari wa mdomo. Yanaosha, yanapunguza uchachu, yana kemikali za kupigana na vijidudu. Ukimfungia askari nje ya nyumba, ndani kunakuwaje?

Ndani anakaa fangasi aitwaye *Candida albicans*. Si mgeni; watu wengi wenye afya njema wanaye mdomoni, ametulia tu. Ila akikuta joto, giza, unyevu, uchachu na mabaki ya chakula, anabadilika: anatoa nyuzi, anajishikiza. Anajishikiza wapi? Hapa pananoga. Mwaka 1970 mtafiti Davenport alichukua sampuli kwa watu wenye ugonjwa huu, pande mbili: kwenye kaakaa lenyewe, na kwenye uso wa ndani wa bamba, ule unaogusa kaakaa. Fangasi walikuwa wengi zaidi wapi? Kwenye bamba.

Narudia: kwenye bamba. Akriliki, ile plastiki iliyotengenezea bamba, tunayoiona laini, chini ya darubini ina vitundu na mikwaruzo, na humo fangasi na bakteria wanajenga ukoga wao tabaka juu ya tabaka. Kaakaa linaonekana kuumwa, lakini makao ya ugonjwa ni bamba. Ukitibu kaakaa ukaliacha bamba, umefukuza nzi ukaacha jalala.

Basi tuje kwenye dawa, maana najua ndiyo mliyokuja kuisikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, walikuwa wakitafuta dawa ya fangasi. Mmoja alikuwa New York, mwenzake Albany, na sampuli zikisafiri kati yao kwa posta, kwenye chupa. Hazen aliotesha vijidudu vya udongo, Brown akachuja kemikali zake. Dawa ikatoka kwenye udongo wa shamba la marafiki huko Virginia, ikatangazwa mwaka 1950, ikaitwa nistatini kwa heshima ya jimbo la New York. Fedha za hataza, dola zaidi ya milioni 13, walizitoa kwa utafiti. Na baada ya mafuriko ya Florence mwaka 1966, nistatini hiyo hiyo ilitumika kuokoa michoro ya kale iliyoanza kuota ukungu. Sisi leo tunainunua kwenye chupa ndogo.

Kwa nini nimewasimulia? Kwa sababu nistatini ina tabia moja ambayo usipoijua utaitumia vibaya: karibu haiingii kabisa kwenye damu. Ukiimeza haizunguki mwilini ikarudi kaakaani. Inaua ilichokigusa, basi. Sasa mtu anaweka dawa mdomoni, bamba likiwa limekaa mahali pake, anasukutua sekunde tano, anameza. Dawa imegusa nini? Imegusa ulimi na mashavu, na mgongo wa bamba. Kaakaa halikupata hata tone. Wiki mbili zinapita, anasema dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo: toa bamba kwanza. Dawa ya maji huwa na yuniti 100,000 kwa kila ml 1. Kipimo kinatofautiana kati ya nchi na nchi, kuanzia ml 1 hadi ml 6, mara 4 kwa siku, hivyo fuata cheti chako na si cha jirani. Ikae mdomoni dakika kadhaa, uizungushe, ndipo umeze. Baada ya chakula, si kabla. Na usiache siku wekundu unapoisha. Endelea siku 2 zaidi. Wenye meno yao ya asili yaliyobaki wajue kwamba nyingi ya dawa hizi za maji zina sukari, kwa hiyo mswaki usisahaulike.

Jeli ya mikonazoli, nayo dawa ya fangasi, ya mg 20 kwa gramu, ina faida yake: unaweza kuipaka ndani ya bamba lililosafishwa, ukalivaa, likawa chombo cha kubebea dawa. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Unayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande, usiiguse jeli hiyo bila daktari kujua. Kwa kuwa ni ya kupaka, watu huiona ndogo. Si ndogo. Inaingia mwilini kiasi cha kuzidisha nguvu ya warfarini, na watu wametokwa damu hatari. Flukonazoli ya vidonge nayo ina ugomvi huo huo na warfarini. Kwa kawaida hutolewa mg 50 kwa siku, siku 7 hadi 14, kwa ugonjwa uliokaidi au mtu mwenye kinga dhaifu. Kama unatumia dawa za kushusha mafuta ya damu, hasa simvastatini, litaje pia.

Dawa ya kusukutua ya kloheksidini ya asilimia 0.2, ml 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, inasaidia. Ila usiitumie pamoja na nistatini kwa wakati mmoja, zinauana nguvu. Acha angalau nusu saa kati yake. Na itaacha madoa ya kahawia, usishtuke.

Maneno yote haya ya dawa, na bado nasema: wengi wa hatua ya kwanza na ya pili hupona bila hata tone la dawa ya fangasi. Wanapona kwa kusafisha bamba na kulitoa usiku. Na wanaotumia dawa bila kusafisha bamba, wekundu unarudi. Mchukue yule aliyemaliza chupa tatu kwa mwaka mmoja. Kila chupa ilimponya, na kila mara alirudisha mdomoni bamba lile lile lenye ukoga ule ule. Je, kosa ni la dawa?

Hapa kwenye kusafisha nitakaa kidogo. Mtanivumilia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea kwa nia njema.

Kosa la kwanza: dawa ya meno. Ndiyo, ile ya kwenye tyubu. Ina chembe za kusugua zilizotengenezwa kwa ajili ya jino la asili, ambalo ni gumu kuliko akriliki. Ukisugua bamba nayo kila siku unalichonga mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni chumba kipya cha fangasi. Tumia sabuni ya kawaida ya maji, ya mikono au ya vyombo, na brashi laini.

Kosa la pili: maji ya moto. Mtu anasema, nikichemsha naua kila kitu. Unaua na bamba. Akriliki ikipata maji yanayochemka hupinda, kidogo tu, jicho halioni, lakini kaakaa linaona. Maji ya uvuguvugu, si zaidi.

Kosa la tatu: kuamini kidonge kinachochemka povu. Kidonge kinasaidia, lakini povu haling'oi ukoga ulioshikamana. Brashi kwanza, kidonge baadaye.

Utaratibu wa jioni ni huu. Weka taulo au maji ndani ya beseni kabla hujashika chochote, kwa sababu bamba likiponyoka kwenye sinki la kauri linavunjika. Kama unatumia gundi ya meno, itoe yote kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Gundi ya jana chini ya gundi ya leo ni chakula cha fangasi. Shika bamba la chini upande mmoja, usilikamue kiganjani ukiminya ncha zote mbili, litakatika katikati. Kisha anza kusugua ndani, ule uso unaokaa kwenye ufizi na kaakaa. Watu wote husugua nje kwa sababu nje ndiko kunakoonekana! Ndani, kwenye mfereji wa ufizi, nyuma mwisho kabisa, dakika mbili nzima. Suuza.

Sasa kuloweka. Ukitumia kidonge, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukiwa mgonjwa, klorini inafanya kazi vizuri sana kwa akriliki: chukua maji ya klorini ya nyumbani yasiyo na manukato, yale ya asilimia 5 hivi, vijiko viwili vya chai, yaani ml 10, tia kwenye ml 200 za maji baridi. Dakika 10. Si usiku kucha, dakika 10. Zaidi ya hapo rangi ya waridi ya bamba inapauka na akriliki inachakaa. Suuza chini ya maji yanayotiririka mpaka harufu iishe. Kama bamba lako lina chuma, klorini usiitumie kabisa, inakula chuma. Loweka kwenye kloheksidini. Wala usitoe bamba kwenye kloheksidini ukalitia kwenye klorini, utapata madoa ya kahawia yasiyotoka. Na klorini isichanganywe na siki wala kidonge. Klorini na siki zinatoa gesi ya sumu.

Siki nyeupe yenyewe, nusu kwa nusu na maji, ni nzuri kwa ugaga mgumu uliojishikiza kama mawe. Usiukwangue kwa kisu. Usipotoka, mpelekee fundi, ana mashine.

Halafu bamba lilale kwenye maji safi ndani ya kopo. Kopo lioshwe kila siku likaushwe, kwa sababu nimewasikia mkitaja bamba na kusahau kopo, na kopo lenye utelezi ni bamba la pili. Mwisho, mdomo wenyewe: kitambaa kilicholowana au mswaki laini juu ya kaakaa, fizi na ulimi. Kaakaa likipapaswa kila siku, damu inatembea na ngozi yake inakaza.

Sasa usiku. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524, wote wenye miaka 85 na zaidi, kwa miaka mitatu. Waliuliza swali lile lile nililoanza nalo: unalala na meno? Karibu wanne kati ya kila kumi waliokuwa na meno bandia walisema ndiyo. Waliolala nayo walikuwa na ukoga mwingi zaidi kwenye ulimi na kwenye bamba, fangasi zaidi, na hatari ya nimonia kubwa kwao kwa mara 2.3 hivi. Ni kweli, utafiti wa namna hiyo haushuhudii kwamba bamba peke yake ndilo lililoleta nimonia. Lakini fikirini: usingizini mate yanapungua, na matone madogo ya mdomoni huteleza hadi mapafuni bila mtu kujua. Je, ungependa yateleze yakiwa yamebeba nini?

Najua aibu. Najua wapo waliooa au kuolewa na mwenzao hajawahi kuwaona bila meno. Siwacheki. Kama usiku haiwezekani kabisa, tafuta saa 6 hadi 8 za mchana ukiwa peke yako. Kaakaa halijui saa, linataka pumziko tu.

Bamba lenyewe je? Mfupa wa taya hausimami. Ukishapoteza meno unaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, na bamba la akriliki halipungui nao. Ndiyo maana lililokukaa sawasawa wakati ule leo linacheza, linasugua, na ufizi uliosuguliwa ni mlango wazi. Ligandishe kaakaani kwa gundi nyingi kadiri utakavyo, hujaponya kitu. Bamba la miaka mitano hadi saba lipelekwe likapimwe. Pengine litaongezewa tabaka jipya la ndani, pengine litatengenezwa upya. Lakini daktari mzuri hachukui vipimo siku hiyo hiyo kaakaa likiwa limevimba, kwa sababu uvimbe ukishuka bamba jipya litakuwa tayari limelegea. Anaweza kukuwekea ndani utando laini wa muda upumzishe ufizi. Utando huo huwa mgumu haraka na fangasi wanaupenda kuliko hata akriliki. Ubadilishwe baada ya siku chache hadi wiki moja au mbili, na umwulize aliyeuweka uusafishe kwa kitu gani, kwa kuwa klorini na vidonge vingine vinauharibu.

Na mwili. Ukifanya yote haya kwa uaminifu na wekundu ukang'ang'ania, tatizo huenda halipo mdomoni. Kisukari kisichodhibitiwa, upungufu wa madini ya chuma, folati au vitamini B12, VVU, sigara, dawa zinazokausha mdomo kama baadhi ya za mzio, za sonona na za kukojoza. Mwenye pumu anayevuta dawa ya steroidi: toa bamba kabla ya kuvuta, kisha sukutua, gogomoa kooni, tema. Kipimo cha damu hapo kina thamani kuliko chupa ya nne ya nistatini. Na kidonda kimoja kisichopona ndani ya wiki 2 au 3, hasa chenye kingo ngumu, hicho si hadithi yetu ya leo kabisa. Hicho kionwe na daktari, hata kama bamba limeshachongwa pale lilipokuwa likichoma.

Kwenu walezi, neno moja refu. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hatakwambia kaakaa lina nini. Vidonge vya kulowekea viwekwe mbali naye. Wapo waliovinywa wakidhani ni vya kutibu. Bamba liandikwe jina, fundi anajua namna ya kulifukia ndani ya akriliki, maana nyumba za kulea wazee hubadilisha meno ya watu kama viatu mlangoni. Na akikataa kufungua mdomo usiku, usipigane naye. Jaribu tena baada ya chai ya asubuhi, mkiwa mmekaa mnatazamana, kopo likiwa mkononi mwake na si mwako.